Ubatizo si tuzo ya ndoa ya wazazi

Katika wodi ya watoto njiti hakuna anayeulizwa kadi ya zaka. Mtoto akizaliwa hajafika hata kilo moja, midomo ikaanza kubadilika rangi, mama Mkatoliki akishauliza kama mwanawe atapona, huuliza kama anaweza kubatizwa. Nilikuwa muuguzi mkunga mkoani Ruvuma hadi nilipostaafu, na swali hilo nimeulizwa kwa Kiswahili, kwa Kingoni na kwa Kimatengo. Saa tisa usiku padri yuko mbali. Muuguzi Mkristo huchukua maji safi ya uvuguvugu, huyavuta kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, huuliza jina la mtoto, kisha huyatiririsha taratibu kwenye paji la uso huku akimtaja Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Mtoto huyo amebatizwa kweli, kwa ubatizo uleule alioupata askofu wake. Kanisa limefundisha hivyo tangu kale: penye hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata asiye Mkristo, ilimradi awe na nia ya kutenda lile ambalo Kanisa hulitenda.

Sasa mfikirie mtoto wa wodi ya jirani, kilo tatu na nusu, analia hadi wodi nzima inamsikia. Mama yake ana miaka 19 na hana ndoa. Miezi mitatu baadaye anampeleka parokiani. Anaulizwa barua ya mwenyekiti wa jumuiya, kadi ya zaka na cheti cha ndoa. Cheti cha ndoa hana. Anaambiwa arudi atakapofunga ndoa. Au aache mtoto akue, afike darasa la tatu, aingie mafundisho mwenyewe. Aliyekuwa anakufa alipokelewa palepale. Anayeishi anaambiwa asubiri, na hakuna anayejua mwisho wa kusubiri huko ni lini.

Si parokia zote zinazofanya hivi. Nimewajua maparoko waliombatiza kila mtoto aliyeletwa, tena kwa furaha. Lakini desturi hii ipo, inajulikana, na wengi wetu tumeizoea kiasi cha kuidhania ni sheria ya Kanisa. Si sheria ya Kanisa. Nasema zaidi: inapingana na maana yenyewe ya ubatizo, na parokia zinazoifuata ziiache.

Nayasema haya nikiwa ndani. Baada ya kustaafu wenzangu walinichagua kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Kwa msomaji asiye Mkatoliki, hizi ni kaya chache za jirani zinazosali pamoja nyumba kwa nyumba kila wiki, zinazozikana na kuuguzana. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya msingi wa uchungaji wao katika miaka ya 1970, na mkutano wao wa mwaka 1976 ulihusu kuzijenga. Nia ilikuwa njema kabisa: Mkristo asipotelee katika umati wa Jumapili, awepo mtu anayemjua kwa jina, anayejua mlango wake na shida zake. Barua ya mwenyekiti inayoombwa ofisini ilitoka huko. Ilikusudiwa kumwambia paroko: huyu tunamfahamu, ni wa kwetu. Siku hizi sehemu nyingine imegeuka hukumu. Mwenyekiti ndiye anayeamua nani apite na nani abaki nje.

Binti mmoja wa jumuiya yetu anauza vitumbua karibu na stendi. Alipata mtoto wa kiume. Baba wa mtoto alikwenda machimboni, simu ikaacha kupatikana. Binti alikuja kwangu na mama yake kuomba barua. Niliiandika jioni ileile, kwa sababu kila Alhamisi alikuwa anasali nasi, ujauzito ukiwa wazi kwa kila mwenye macho, na hakuacha kuja hata baadhi yetu walipokuwa wakimtazama vibaya. Walikwenda ofisini na barua. Walirudi nayo. Waliambiwa mtoto ni wa nje ya ndoa, kwa hiyo mama ajirekebishe kwanza. Akakaa kwenye mkeka wangu, mtoto mgongoni, akaniuliza: “Mama, mimi sawa, nilikosea. Mwanangu yeye kakosa nini?”

Swali hilo halina jibu lingine. Mtoto hajakosa kitu. Wahenga walisema kitanda hakizai haramu. Walikuwa wanamlinda kiumbe asiyejua lolote asibebeshwe mambo ya wakubwa. Itakuwa aibu kubwa ikiwa hekima ya mababu zetu itamhurumia mtoto kuliko ofisi ya kanisa lake.

Tuangalie ubatizo unasema nini juu ya mtu. Ibada ya kumbatiza mtoto huanzia mlangoni mwa kanisa, na swali la kwanza analouliza padri ni jina. Mnampa mtoto huyu jina gani? La pili, mnaliomba nini Kanisa la Mungu kwa ajili yake? Kisha padri, wazazi na wasimamizi wanamwekea alama ya msalaba kwenye paji la uso. Yanafuata maji, mafuta ya Krisma, vazi jeupe, na mshumaa unaowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Katika ibada yote, tangu mlangoni hadi altareni, hakuna mahali padri anapouliza ukoo wa baba, kabila, mahari wala tarehe ya harusi. Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia kwamba waliobatizwa wamemvaa Kristo, na kwamba mbele yake utengano wa Myahudi na Myunani, mtumwa na mtu huru, mwanamume na mwanamke, umekwisha nguvu. Hiyo ndiyo maana ya ubatizo kama utambulisho: kabla hujawa mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, wa hali fulani, wewe ni mtoto wa Mungu. Hayo mengine yanabaki, lakini yanakuja baadaye.

Kwetu kusini, kama sehemu nyingi za nchi hii, mtoto anatambulishwa kwa baba. Ukimkuta njiani swali ni “Wewe wa kwa nani?” na jibu linalotarajiwa ni jina la babu mzaa baba. Mtoto aliyekataliwa na baba yake hukua na pengo hapo. Hulikuta shuleni siku ya kuandikishwa, hulikuta kwenye vikao vya ukoo, na hulikuta tena akiwa kijana anapotaka kuoa. Mtoto huyu kuliko wote ndiye anayehitaji kusikia, tena mbele ya kusanyiko zima, kwamba swali la “wewe wa kwa nani” kwake limekwisha jibiwa na Mungu mwenyewe. Na huyo ndiye tunayemrudisha mlangoni. Tunambatiza haraka yule mwenye baba, mwenye ukoo na mwenye jina, kisha yule ambaye hana hata kimoja kati ya hivyo tunamwambia angoje.

Wapo watakaosema kwamba nazungumza kwa huruma ya kikunga na sheria ina masharti yake. Basi tusome sheria. Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983, katika kanuni ya 868, zinataja mambo mawili ili mtoto abatizwe kwa halali: mzazi mmoja angalau akubali, na pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani. Mzazi mmoja. Ndoa haikutajwa. Tumaini hilo likikosekana kabisa, ubatizo unaahirishwa, na wazazi waelezwe sababu. Kukosa tumaini kabisa si sawa na kukosa cheti cha ndoa. Binti aliyesali nasi kila Alhamisi akiwa na mimba ya miezi minane ametupa tumaini kuliko maharusi wengi ambao hatujawaona tangu siku ya keki.

Kanuni nyingine naipenda zaidi, ya 877, inayoeleza namna ya kuandika daftari la ubatizo. Inasema wazi jinsi ya kumwandika mtoto wa mama asiyeolewa: jina la mama linaingizwa ikiwa umama wake unajulikana hadharani au akiomba mwenyewe, jina la baba linaingizwa ikiwa kuna hati ya serikali au akitamka mwenyewe mbele ya paroko na mashahidi wawili. Tufikiri kidogo. Sheria isingehangaika kutuelekeza namna ya kumwandika mtoto huyo kama haikutarajia abatizwe. Imemtengea nafasi yake katika daftari. Sisi ndio tunaoiacha nafasi hiyo wazi.

Na daftari hilo si jambo dogo. Namba ya ubatizo humfuata Mkatoliki maisha yake yote. Kipaimara chake kitaandikwa kando ya jina lake, na ndoa yake pia. Akiwa padri, upadre wake. Nje ya kanisa nako cheti cha ubatizo kina kazi: wengi wa rika langu tulikuwa nacho miaka mingi kabla ya kupata cheti cha kuzaliwa, na hadi leo ni moja ya nyaraka zinazosaidia mtu mzima anayechelewa kuandikishwa RITA. Kwa kizazi kizima cha watu wa vijijini, daftari la parokia ndilo lilikuwa la kwanza kuthibitisha kwamba mtu huyu alizaliwa, ana jina, ana mama.

Wanaotetea desturi hii husema wanalinda mapokeo. Mapokeo yenyewe, tena ya Afrika, yanasema vingine. Katikati ya karne ya tatu maaskofu 66 walikutana Karthago, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, chini ya Askofu Sipriano. Askofu mmoja aitwaye Fido alitaka watoto wachanga wasibatizwe kabla ya siku ya nane. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemuunga mkono. Walimjibu kwamba huruma na neema ya Mungu haipaswi kunyimwa binadamu yeyote aliyezaliwa. Wale walibishania siku nane. Sisi tunabishania miaka nane.

Agostino naye, Mwafrika wa Thagaste katika Algeria ya leo, aliishi miaka mingi na mwanamke ambaye hawakufunga ndoa. Walimzaa mtoto wa kiume, Adeodato. Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, mjini Milano, Askofu Ambrosi alimbatiza Agostino, na pamoja naye akambatiza kijana huyo aliyekuwa na miaka kama 15. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aliingia kisimani bega kwa bega na baba yake, na baba huyo akawa mwalimu wa Kanisa lote. Baadaye, akiwa askofu wa Hippo, Agostino alimwandikia askofu mwenzake Bonifasi juu ya watoto wanaoletwa kubatizwa. Alitaja watoto wa watumwa wanaoletwa na mabwana, yatima wanaoletwa na watu wenye huruma, na watoto waliotupwa wanaookotwa na mabikira watakatifu na kuletwa kanisani. Alieleza kwamba anayemleta mtoto kweli si tu yule aliyembeba mikononi. Ni jamii yote ya waamini. Mawazo hayo yana zaidi ya miaka 1,600, na ndiyo maelezo bora ya jumuiya ndogo ndogo niliyowahi kukutana nayo.

Agostino huyohuyo alitumia miaka ya maisha yake kubishana na Wadonati, waliosema ubatizo wa padri aliyeisaliti imani wakati wa madhulumu si ubatizo. Alijibu kwamba anayebatiza ni Kristo. Padri anatumika tu. Najua hoja ile ilihusu uhalisi wa ubatizo, si ruhusa ya kubatiza. Lakini msingi ni mmoja: ubatizo ni kazi ya Mungu, nasi hatuupati kwa wema wetu. Ikiwa dhambi ya padri mwenyewe haiwezi kuuharibu, tunapata wapi ujasiri wa kusema kwamba hali ya mama ya mtoto inatosha kuuzuia?

Papa Fransisko alilisema hili bila kuficha. Mwaka 2012, akiwa bado Kardinali wa Buenos Aires, aliwakemea hadharani mapadri waliokataa kubatiza watoto wa mama wasioolewa, akawaita wanafiki. Mwaka 2013, katika waraka wake wa Furaha ya Injili, aliandika kwamba milango ya sakramenti isifungwe kwa sababu yoyote ile, hasa mlango wa ubatizo, na kwamba Kanisa si kituo cha ushuru. Mwezi Januari mwaka uliofuata, katika Kanisa dogo la Sistina, alibatiza watoto, na mmoja wao wazazi wake walikuwa na ndoa ya serikali tu. Desemba 2023 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani, kwa niaba yake, ikatoa barua ya kuwatia moyo mama wanaolea peke yao wasijione wamefungiwa kitubio na Komunyo. Papa huyo alifariki Aprili 2025. Maneno yake yamebaki, na hayahitaji tafsiri ya mwenyekiti.

Ninazijua hofu za mapadri wetu na siwezi kuzidharau. Wanasema: tukibatiza kila anayeletwa tutakuwa na Wakristo wa vyeti. Ni kweli wapo wazazi wanaotaka ubatizo kwa ajili ya picha na shughuli. Siku ya ubatizo gauni jeupe, baada ya hapo mtoto haoni kanisa hadi komunyo ya kwanza. Wanasema pia: tukimbatizia mtoto binti huyu bila kumwambia kitu, tunawaambia wengine kwamba ndoa haina maana. Haya ni maswali ya wachungaji wanaojali kundi lao.

Lakini tiba ya ulezi hafifu ni ulezi, na kumfungia mtoto mlango hakumlei mtu yeyote. Maelekezo ya Vatikani ya tarehe 20 Oktoba 1980 juu ya ubatizo wa watoto yaliliona tatizo hili mapema. Yalikubali kuahirisha pale ambapo hakuna dhamana kabisa. Yakasema pia kwamba dhamana inaweza kutolewa na wazazi au ndugu wa karibu, na hata jumuiya ya Kikristo inaweza kusaidia kuziba pengo. Bibi wa mtoto anayesali rozari kila jioni ni dhamana. Msimamizi aliyechaguliwa kwa imani yake, si kwa gari lake, ni dhamana. Kaya za jumuiya zinazomjua mtoto kwa jina ni dhamana. Na kuhusu ndoa, binti yule hakukataa ndoa. Aliachwa. Ukimwambia arudi akishaolewa unamwelekeza kwa mwanamume yeyote atakayejitokeza, ili tu mtoto apate maji. Nimeona wanaolewa kwa shinikizo hilo, na nimeona wakirudi wodini na majeraha.

Zaidi ya hapo, tuangalie nani analipa. Baba wa mtoto anaweza kuwa amehamia mji mwingine, anaimba kwaya, anapokea Komunyo kila Jumapili, na hakuna anayemuuliza kitu kwa sababu mimba haikuonekana kwake. Mzigo wote umewekwa kwa mwanamke na kwa mtoto. Novemba 2021 serikali yetu iliruhusu wasichana waliopata ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua. Wengi katika Kanisa tuliifurahia hatua hiyo, na tulikuwa sahihi. Basi binti anayepokelewa tena darasani na mwalimu mkuu asikute mtoto wake akikataliwa na katekista.

Kuhusu zaka nitasema kwa kifupi. Natoa zaka na nawahimiza wenzangu watoe. Paa la kanisa haliezekwi kwa maombi peke yake. Lakini kanuni ya 848 inaagiza maskini wasikose sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Deni la mzazi lidaiwe kwa mzazi, kwa upole, na mtoto asiwe rehani.

Mtoto wa yule binti alibatizwa hatimaye, paroko mwingine alipokuja na kuuliza kwa nini yeye hayumo katika orodha. Alikuwa ameshajifunza kutembea, akajiendea mwenyewe hadi kisimani. Tulifurahi. Hata hivyo, mwaka ule mzima mama yake alikuwa amehamia benchi la nyuma kabisa, na mpaka leo hajarudi mbele.

Kwa hiyo nawaomba maparoko watangaze Jumapili, kwa sauti na kwa maandishi kwenye ubao wa matangazo, kwamba mtoto wa mama asiye na ndoa anabatizwa. Wengi hawaji kabisa kwa sababu wanadhani wanajua jibu. Naomba watoto hawa wabatizwe siku moja na wenzao, mbele ya watu walewale, si siku ya kazi kanisa likiwa tupu. Naomba semina ya wazazi na wasimamizi iwe ndefu na ya maana kwa wote, wenye ndoa na wasio nayo, na jumuiya imtembelee mtoto huyo miezi sita baadaye na mwaka baadaye, kuona kama anafundishwa kuomba.

Na kwenu wenyeviti wenzangu: barua ile ina sahihi zetu. Binti akija na mtoto mgongoni, muulize jina la mtoto, muulize nani atamsimamia, kisha uandike. Ofisi ikimrudisha, panda naye ofisini, na kanuni ya 868 iwe mkononi mwako. Ubatizo si wetu kuutoa wala kuunyima. Sisi tumepewa kazi ya kumpokea mtoto na kumsindikiza, na kazi hiyo inatutosha.